Skii na snoubodi Zell am See: twende Januari, au tusubiri Machi baada ya Idd?

#1 PwaniHadiBarafu (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa watu waliokwisha kufika, maana maelezo ya matangazo ninayo ya kutosha.

Mimi na mke wangu tunaishi Munich na tuna mtoto wa miaka minne. Mdogo wangu wa kiume, mwenye miaka 22, atakuja kutoka Muscat kuungana nasi. Tunataka siku sita za kuteleza kwenye theluji huko Zell am See, Austria, mji ulio ukingoni mwa ziwa la Zeller See na chini ya mlima Schmittenhöhe. Mke wangu anataka skii (mbao mbili, mmoja kwa kila mguu), mdogo wangu ameshikilia snoubodi (ubao mmoja kwa miguu yote miwili), na mimi bado sijaamua. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kuteleza.

Tatizo ni tarehe. Ramadhani ya mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu tarehe 8 Februari na Idd kuwa karibu tarehe 10 Machi, kutegemea kuandama kwa mwezi, na Pasaka ni tarehe 28 Machi. Tumebakiwa na nafasi mbili: katikati ya Januari, au wiki moja kati ya Idd na Pasaka. Mwenzangu kazini, mzaliwa wa Bavaria, amenionya nisithubutu kwenda Machi kwa sababu, kwa maneno yake, "ziwa linakula theluji". Je, hilo ni kweli? Na tulale Zell am See kwenyewe, au kijiji jirani cha Kaprun?

#2 Ngalawa

Ninaweka kambi hapa. Nasi tuna mpango kama huo, na swali la ziwa sijawahi kulisikia.

#3 MkaziWaSalzburg

Karibu sana, mkuu. Nimeishi huku miaka kumi na miwili, na nakuambia ziwa limesingiziwa. Jambo la kuangalia ni kimo. Mji wa Zell am See uko mita 757 tu juu ya usawa wa bahari na kilele cha Schmittenhöhe kina mita 1,965, ilhali kituo cha juu cha magari ya nyaya cha Kitzsteinhorn, upande wa Kaprun, kiko mita 3,029. Kwa kawaida hewa hupoa kiasi cha nyuzijoto 0.6 kwa kila mita 100 unazopanda, kwa hiyo kati ya ukingo wa ziwa na kituo kile cha juu kuna tofauti ya takriban nyuzijoto 14. Siku ambayo mjini mtu anatembea na koti wazi katika nyuzijoto 5, kule juu ni 9 chini ya sifuri. Mvua inayokuharibia asubuhi yako hotelini inaanguka kama theluji safi saa hiyo hiyo juu ya kichwa chako. Nenda Machi bila hofu, ila panga siku zako ukijua kwamba nyasi utaziona chini.

#4 Mzushi_wa_Heri

Naunga mkono #3. Isitoshe, Schmittenhöhe ina barafu ya kudumu, kwa hiyo theluji ipo mwaka mzima.

#5 MkaziWaSalzburg

Hapana, ndugu yangu wa #4, usije ukampoteza mleta uzi. Barafu ya kudumu iko Kitzsteinhorn, ambako skii juu ya barafu hiyo ilianza mwaka 1965, mapema kuliko mahali pengine popote Austria. Schmittenhöhe ni mlima wa misitu na malisho, na sifa yake ni nyingine: gari lake la nyaya lilifunguliwa mwaka 1927, la kwanza katika jimbo la Salzburg. Milima hiyo miwili inauzwa kwa pasi moja ya lifti, na ndiyo maana watu huichanganya.

#6 Tausi_Innsbruck

Kimo peke yake hakitoshi kueleza, kwa maana ipo miji ya kimo hicho hicho ambayo Machi ina theluji hadi kizingitini. Mimi naulaumu upepo wa Föhn. Ukivuma kutoka kusini, hewa hupanda upande wa pili wa safu ya milima ya Hohe Tauern, huacha unyevu wake huko, kisha hushuka upande wetu ikiwa kavu na ikipata joto karibu nyuzijoto 1 kwa kila mita 100. Bonde la Zell liko kaskazini mwa safu hiyo, yaani mdomoni kabisa mwa upepo huo. Nimewahi kulala theluji ikiwa imefunika uzio wa bustani, nikaamka saa kumi na moja alfajiri kwa sauti ya maji yakikimbia kwenye mifereji ya paa, na hewa dirishani ilikuwa ya uvuguvugu kama ya jikoni. Kufikia adhuhuri uzio wote ulikuwa wazi. Upepo huo huweza kuja Januari na huweza kuja Machi, kwa hiyo ni bahati zaidi kuliko kalenda.

#7 BintiMakunduchi

Nilifanya kazi msimu mmoja katika hoteli karibu na ziwa, na niliyoyaona hayafanani kabisa na hesabu ya #3. Ile tofauti ya nyuzijoto 14 ni ya siku za kawaida tu. Januari kuna siku nyingi tulivu ambapo hewa baridi hutuama bondeni kama maji katika karai, ukungu ukilala juu ya ziwa, na asubuhi nilikuwa nikitoka kutupa taka nyusi zinashika umande wa barafu. Wageni waliopanda Schmittenhöhe walirudi wamechomwa na jua, wakisema juu kuna joto. Siku hizo theluji ya mjini haiyeyuki hata tone. Kwa hiyo wanaosema mji una joto kwa sababu uko chini wakumbuke kwamba Januari kuwa chini huko huko ndiko huhifadhi baridi.

Ushauri wangu ni Januari, baada ya tarehe 6, sikukuu inapokwisha na bei zikashuka. Februari shule za Austria, Ujerumani na Uholanzi hupokezana likizo, na foleni za lifti za kupandia mlima zinachosha. Wewe hilo halikuhusu kwa sababu ya Ramadhani, lakini wasomaji wengine walijue.

#8 FundiMabomba

Dada wa #7, umegusa jambo lakini umeliacha njiani, nalo ni ziwa lenyewe. Mimi sitaki kulisafisha moja kwa moja kama alivyofanya #3. Ziwa lile lina urefu wa karibu kilomita 4 na ni la kina kirefu, na maji mengi namna ile hubaki na joto la kiangazi hadi yagande. Yasipoganda, hewa ya ukingoni hubaki na unyevu. Sasa, theluji ya njia za chini kwa sehemu kubwa ni ya mashine: maji yanapulizwa kwa nguvu kwenye hewa baridi, nayo hugeuka chembe za barafu kabla hayajafika chini. Mashine hizo hazitegemei nyuzijoto pekee, zinategemea pia ukavu wa hewa. Hewa kavu hupoza tone kwa haraka, na hewa yenye unyevu hulichelewesha, hivyo usiku wa nyuzijoto 2 chini ya sifuri unaweza kutoa theluji nzuri mahali pakavu ukatoa majimaji mahali penye ukungu. Huenda mzee wa Bavaria alisikia kauli hiyo kwa watu wa mashine. Ziwa halili theluji iliyokwisha kuanguka, ila linaweza kuzuia ile ambayo ingetengenezwa.

#9 Tausi_Innsbruck

#8, hoja yako ni nzuri, lakini mashine hufanya kazi kubwa mwezi wa Novemba na Desemba kujenga msingi wa theluji. Mwezi Machi msingi umekwisha kujengwa, na kinachoamua ni jua. Njia zinazotazama kusini huyeyuka kwanza. Sioni ziwa likiingia wapi hapo.

#10 FundiMabomba

Msingi uliojengwa vibaya Desemba ndio unaokwisha mapema Machi. Hapo ndipo linapoingia.

#11 MamaNassor

Wanangu, mnazungumza upepo na maji, na mwenzenu ana mtoto wa miaka minne. Mimi nilikwenda na wajukuu wiki ya tatu ya Machi. Asubuhi theluji ilikuwa ngumu kama sakafu, kufikia saa nne ilikuwa laini na tamu, na kufikia saa nane mchana ilikuwa tope zito linaloshika miguu. Kwa anayejifunza, tope lile ni adui wa magoti. Hata hivyo, jua la Machi lilimfaa mdogo kabisa, kwani aliweza kukaa chini, akacheza, akasimama tena bila kulia kwa baridi. Wakati wa Januari mtoto wa umri ule hudumu saa moja nje, kisha anataka maziwa ya moto.

Shule za skii nyingi huwapokea watoto kuanzia miaka mitatu au minne. Mlazeni Kaprun. Pale kijijini kuna uwanja wa wanaoanza uitwao Lechnerberg, na mlima Maiskogel uko karibu, hivyo mtoto habebwi kwenye basi kila asubuhi. Na kofia ngumu ni lazima kisheria kwa watoto wa chini ya miaka 15 katika jimbo la Salzburg. Sisi wakubwa hatulazimishwi, lakini tuvae.

#12 PwaniHadiBarafu (mleta uzi)

Asante sana mama, shikamoo. Na mdogo wangu je? Anasema snoubodi ni rahisi kwa sababu alishawahi kujaribu mara mbili katika ule ukumbi wa theluji wa Dubai.

#13 Al_Muscat

Mkuu, mimi pia nilianzia pale Ski Dubai, uliofunguliwa mwaka 2005. Ni mahali pazuri pa kujifunza kusimama na kugeuka, na mdogo wako atakuwa mbele yenu siku ya kwanza. Lakini njia ndefu kabisa pale ni mita 400, theluji ni ile ile kila siku, na hakuna upepo, ukungu wala njia iliyoganda. Nilipofika mlimani kwa mara ya kwanza niligundua kwamba mapaja yangu yalijua kufanya kazi kwa dakika moja tu.

Kama ana pasipoti ya Oman, ataomba viza ya Schengen. Aanze mapema, na bima isipungue euro 30,000.

#14 Kifandugu

Mimi ninateleza kwa snoubodi, na jina langu nimelipata huko. Siku mbili za kwanza mtu hukaa chini zaidi ya kusimama, kwa sababu miguu yote imefungwa kwenye ubao mmoja na ukingo ukikamata theluji unaangushwa kabla hujajua. Wanaoumia snoubodi huumia sana vifundo vya mikono, kwa kuwa mtu akianguka hutanguliza viganja. Anunue vikinga vya vifundo, na ajifunze kuanguka akiwa amefumba ngumi. Siku ya tatu mambo hubadilika, na maendeleo yanakuwa ya haraka. Kwenye skii ni kinyume: siku ya kwanza unashuka, na mwaka wa tano bado unafundishwa kugeuka. Kwa siku sita, mimi ningesema kila mtu mzima aanze na snoubodi.

#15 BintiMakunduchi

Siafiki. Mtu mwenye mtoto wa miaka minne akiwa ameketi kwenye theluji miguu imefungwa pamoja, atamfikiaje mtoto wake aliyeanguka hatua kumi juu yake? Mleta uzi achukue skii. Tena juu ya barafu ya Kitzsteinhorn bado zipo lifti za kumvuta mtu juu ya theluji, ambazo mwenye skii huzisimamia kwa miguu miwili, ilhali anayejifunza snoubodi huteswa nazo.

#16 Kifandugu

Hoja ya mtoto naikubali, dada. Sikuifikiria.

#17 Daktari_wa_Mguu

Magoti nayo yatajwe. Kwenye skii mguu mmoja unaweza kwenda njia yake na mwingine njia yake, na goti ndilo hulipa. Kinga ya kwanza ni vile vifungo vya kushika kiatu kwenye skii, vinavyomwachia mtu anapoanguka, na fundi wa duka la kukodi huvirekebisha kwa uzito, urefu, ukubwa wa kiatu na uzoefu. Watu wengi husema uwongo kuhusu uzito au hujiita wazoefu. Ukimdanganya yule kijana wa dukani, kifungo hakitafunguka wakati unaohitaji kifunguke.

#18 Sokoine_wa_Stuttgart

Niongeze la viatu, kwa sababu ndilo lililoniharibia safari nzima. Nilipewa viatu vya skii, nikavaa soksi mbili nene za sufu kwa kuogopa baridi, nikachomeka ncha ya suruali ya ndani ndani ya kiatu, nikafunga vibano vyote vinne kwa nguvu. Kufikia saa tano asubuhi muundi wa kulia ulikuwa unawaka moto na vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nililaumu kiatu, nikalaumu duka, nikabadilishiwa jozi, na maumivu yakabaki pale pale. Jioni mwalimu, mama mmoja wa makamo, alinikalisha kwenye benchi, akanivua kiatu, akapitisha kidole chake juu ya muundi na kukuta alama nyekundu iliyonyooka kama imepigwa kwa rula. Ulikuwa mshono wa suruali yangu. Akaniambia soksi moja nyembamba, ipande hadi chini ya goti, na kisiingie kitu kingine chochote. Kisha akanionyesha kipimo: ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo tu, ukikunja magoti virudi nyuma viache nafasi. Kesho yake niliteleza siku nzima. Vidole navyo vilipata joto, kwani damu ilikuwa na nafasi ya kupita.

#19 Ngalawa

#18, hii nimeiandika kwenye daftari. Asante.

#20 Porini_Marangu

Naomba kuuliza upande mwingine. Mke wangu alipanda Kitzsteinhorn akapata maumivu makali ya kichwa kabla ya adhuhuri. Nimeongoza wageni Kilimanjaro kwa miaka mingi, na kituo cha Horombo kiko mita 3,720, juu zaidi ya kile cha mita 3,029. Watu wengi hufika Horombo wakiwa wazima. Kwa nini huko kichwa kimuume?

#21 Daktari_wa_Mguu

Kwa sababu Horombo wanafika siku ya pili kwa miguu, baada ya kulala Mandara. Kule mtu anatoka mita 757 hadi zaidi ya 3,000 kwa muda usiozidi saa mbili, basi na magari ya nyaya yakiwa yamefanya kazi yote. Mwili haujapata nafasi.

#22 MkaziWaSalzburg

Mimi ningeuliza kwanza alikunywa maji kiasi gani. Hewa ya baridi ni kavu, mtu hatoki jasho la kuonekana, na wengi hawanywi wakihofia kutafuta choo wakiwa na mavazi yale yote.

#23 Al_Muscat

Na miwani je? Theluji iliyopigwa na jua hukufanya ukunje uso mchana kutwa. Kichwa changu kilipona nilipobadilisha miwani tu, maji yakiwa yale yale.

#24 Porini_Marangu

Alikuwa na miwani nzuri na alikunywa maji. Nabaki na jibu la #21, ingawa alipopanda tena siku ya nne hakuumwa kabisa.

#25 Ngalawa

Samahani, Kaprun hii ndiyo ile ya ajali ya treni?

#26 MkaziWaSalzburg

Ndiyo. Tarehe 11 Novemba 2000 treni iliyokuwa ikipanda Kitzsteinhorn ndani ya handaki ilishika moto, na watu 155 walifariki. Walionusurika ndani ya treni ile ni 12, waliovunja dirisha na kukimbia kuelekea chini, wakiupita moto, badala ya kupanda pamoja na moshi. Treni hiyo haikurudi kubeba abiria tena, na leo watu hupanda kwa magari ya nyaya yanayopita hewani, nje ya handaki. Kuna mnara wa kumbukumbu karibu na kituo cha chini, na nikipita huwa nasimama.

#27 Mzushi_wa_Heri

Mungu awarehemu. Niseme na jambo la kutia moyo: yupo Mkenya Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, ambaye ndiye Mkenya wa kwanza katika Olimpiki ya majira ya baridi.

#28 Tausi_Innsbruck

Ndugu yangu, leo unasahihishwa mara ya pili, lakini nia yako ni njema. Wa kwanza ni Philip Boit, aliyeshiriki skii za masafa huko Nagano mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho katika kilomita 10, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri mwishoni ili amkumbatie. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Simader alishiriki Pyeongchang mwaka 2018, akiwa Mkenya wa kwanza katika skii za milimani.

#29 Mzushi_wa_Heri

Nimepokea, na nimefurahi kujua habari za Boit.

#30 Sokoine_wa_Stuttgart

Turudi kwa mleta uzi. Bima ya viza na kadi ya bima ya afya ya Ulaya ni jambo moja, na kuokolewa mlimani ni jambo lingine. Binamu yangu alivunjika kifundo cha mkono, akashushwa kwa helikopta, na kampuni yake ya bima ikakataa kulipa ikisema skii imeorodheshwa miongoni mwa michezo ya hatari. Soma mkataba, utafute maneno ya uokoaji na helikopta. Namba ya waokoaji wa milimani Austria ni 140, na 112 hufanya kazi pia.

Kuhusu gari, kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 15 Aprili tairi za baridi ni lazima barabara inapokuwa na theluji au barafu. Ukitoka Munich kupitia Kufstein, ukaiacha barabara kuu pale Kufstein-Süd, huhitaji stika ya kulipia barabara kuu za Austria. Na msinunue pasi kubwa ya siku sita yenye kilomita 408 za njia pamoja na eneo jirani la Saalbach, kwa maana wanaoanza hawatazifika. Nunueni tiketi ya uwanja wa kujifunzia kwanza.

#31 PwaniHadiBarafu (mleta uzi)

Nawashukuru wote kwa moyo wangu wote. Kaprun tumekubaliana, kwa sababu ya mtoto na Lechnerberg. Nitachukua skii, mdogo wangu atachukua snoubodi na vikinga vya vifundo. Mke wangu anaelekea kwenye Machi kwa maneno ya MamaNassor kuhusu baridi na mtoto, na mimi ninaelekea Januari kwa maneno ya #7. Nimemrudia mwenzangu kazini na hoja ya #8 ya mashine. Amesema hapana, yeye alimaanisha jambo lingine kabisa: zamani ziwa liliganda kila mwaka, watu wakatembea juu yake, na anaamini kwamba tangu lianze kukosa kuganda ndipo theluji ya mjini ilipopungua.

#32 Tausi_Innsbruck

Hapo amegeuza mkokoteni ukamtangulia punda. Ziwa haligandi kwa sababu baridi imepungua, na theluji imepungua kwa sababu hiyo hiyo.

#33 FundiMabomba

Au yote mawili yanasaidiana. Maji yasiyoganda hayawi meupe, hunywa jua mchana na kulitoa usiku.

#34 BintiMakunduchi

Mkienda Januari mkalikuta limeganda, msimruhusu mtoto kulikanyaga mpaka manispaa iwe imelipima na kulifungua rasmi. Msimu wangu kulikuwa na barafu nyeupe nzuri ukingoni kwa wiki mbili nzima, na bado kamba nyekundu na vibao vya kukataza havikuondolewa.